Masahihisho, Ukurasa wa Pili

Kazi yangu ni kisanduku kidogo
chini ya ukurasa wa pili, kando ya matangazo ya zabuni.
Humo ndimo gazeti linamoungama.
Mistari mitatu, herufi za sisimizi:
Jina la mbunge lilikosewa. Ni milioni, si bilioni.
Tunaomba radhi.
Kisha msomaji anafungua michezo.

Jumanne, mvua ikipiga mabati ya Eneo la Viwanda,
bawabu alinipigia simu kutoka mapokezi:
kuna mama hapa, ana gazeti lenye damu.

Syombua Musembi, muuza mboga, Kaloleni.
Hakuwa amelinunua. Hajanunua gazeti, alisema,
tangu kura ile mliyotuhesabia hadi usiku wa manane,
halafu mkanyamaza.
Mwuza nyama ndiye aliyemfungia maini, robo kilo,
kwa ukurasa wetu wa kwanza.

Akaukunjua mezani.
MAELFU WAFURIKA KAMUKUNJI.
Kidole chake, chenye ufa wa kukata sukuma,
kikapita mabango, kikapita umati,
kikatua safu ya tatu, kushoto:
mwanamume mwenye kofia, kinywa wazi, anacheka,
damu ya maini imemkaukia shingoni.

"Huyu ni mume wangu.
Nilimzika Mwingi, Agosti, miaka minne sasa."

Bawabu akajifanya anatafuta kalamu.

"Leo alfajiri nimekwenda Kamukunji.
Najua. Nilimshika mguu, ulikuwa baridi.
Lakini gazeti limesema Jumapili.
Nikazunguka uwanja mzima. Chupa tupu,
na mbuzi wawili wakila bango la Mheshimiwa.
Nikamwuliza mfagiaji, umeona mtu wa kofia?"

Halafu sauti ikapanda, wala si kwa kilio:
"Na kofia yenyewe ilikuwa kijani.
Musembi alikuwa wa kijani mpaka jeneza likafungwa.
Nyinyi mmempaka manjano.
Wanasiasa kuhama chama nimezoea.
Wewe, umewahi kuona maiti akihama?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka,
naye akacheka,
kisha sote tukaacha ghafla.

Ghorofani, Ombati hakuinua macho.
Umati ni umati, alisema. Nani huhesabu vichwa?
Uwanja ulikuwa nusu mtupu, na Mheshimiwa
amelipia kurasa nne za rangi hadi Desemba.
Andika mistari yako mitatu.

Naijua lugha yake.
"Hitilafu", neno lisilo na mikono.
"Ilichapishwa", kana kwamba picha iliamka yenyewe,
ikanawa uso, ikapanda mtamboni.
Nikafuta. Nikaandika:
Mtu aliye safu ya tatu, kushoto, ni marehemu.
Hakuhudhuria mkutano wa Jumapili.
Hakuhama.

Haikupita.
Ilitoka ile ya hitilafu,
chini ya zabuni ya mabomba ya maji taka.

Alhamisi alirudi. Nilidhani amekuja na wakili,
au anataka pesa, na moyoni nikamwombea azipate.
Alitaka picha.
Safi, isiyo na maini.
"Sina hata moja akiwa anacheka.
Alizopigwa zote ni za vitambulisho."

Tuliifukua katika ghala ya picha, mimi na kijana wa zamu:
mkutano mwingine, mwaka mwingine, jua kali,
na kofia kijani kama sukuma ya asubuhi.
Nikamchapia kubwa.
Nje mvua ilikuwa haijakatika,
nikatafuta cha kuifungia isilowe,
nikanyoosha mkono, bila kufikiri,
nikachukua gazeti la siku hiyo.

Akanishika kifundo.
"Hapana," akasema. "Si kwa hilo."

Akafungua leso yake ya kichwani,
akamviringisha humo polepole, uso kwanza,
akatoka mvuani kichwa wazi.